Jeshi la Bando

Mke wa Mheshimiwa alikuwa amechuchumaa ndani ya banda la kuku, simu mkononi, akitafuta maneno makali ya kumwangusha mumewe.

Kuku walimtazama kwa mashaka. Nerima hakujali. Bandani mtandao ulishika vizuri, na hakuna mpambe wa kampeni ambaye angethubutu kuingia humo na viatu vya kung'aa. Akaandika: "Miaka mitano, na barabara ya Kiamunyi bado ni bwawa la viboko. Chagua Chelangat!" Akabonyeza, kisha akaziba mdomo kwa leso asije akacheka kwa sauti.

Usimdhanie vibaya. Nerima alimpenda sana Masinde, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Tangu mumewe achaguliwe kuwa mwakilishi wa wadi, hakuwa wake tena. Alfajiri, kabla chai haijachemka, langoni pamejaa watu: huyu ana matanga, yule ana karo, mwingine amekuja tu kumsalimia Mheshimiwa na hataondoka mikono mitupu. Wikendi ni mazishi na harambee. Masinde akirudi nyumbani, ugali umeshakuwa jiwe. Nerima alimtaka mumewe arudi, basi.

Angemwambia asigombee tena? Wazee walishampa baraka, chama kilishampa tiketi, na siku ya uzinduzi mwenyewe alisimama jukwaani akamshika mkewe mkono, akatangaza, "Narudi kwa sababu ya huyu mama!" Umati ukapiga vigelegele. Nerima akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Mke wa mwanasiasa hanuni hadharani.

Ndipo akajiunga na Jeshi la Bando kwa jina la Pilipili.

Lilikuwa kundi la WhatsApp la vijana, mama mboga na walimu wastaafu, na silaha yao ilikuwa bando la data na ukaidi. Mgombea wao, Chelangat, alikuwa fundi wa mabomba ya maji. Hakuwa na gari wala mabango, ila kipaza sauti kilichokohoa zaidi kuliko kuongea. Wajuaji wa mjini walisema hata kura ya shemeji yake hataipata. Jeshi likamrekodi akiziba bomba huku akieleza maji ya wadi huishia wapi. Video ikaenea mpaka Gilgil, ambako hakuna hata mmoja aliyeweza kumpigia kura. Kisha kila mwenye simu akapewa kazi: mwonyeshe jirani asiye na simu, umjibu maswali yake, umalize chai yake.

Lakini aliyelitia jeshi hilo makali aliitwa Kifaru. Hakuna aliyemjua. Mheshimiwa akipanga kuahidi taa za barabarani, Kifaru alituma ahadi hiyo kundini siku moja kabla, na wananchi wakamngojea na maswali. Siku moja akatuma picha ya Mheshimiwa akisinzia mbele ya mbavu za mbuzi kule Kikopey, wakati watu wanamsubiri kwenye mkutano wa maji. Ilipigwa kwa karibu mno, mpaka vinyweleo vya pua vilionekana.

"Boss, umepataje hii?" Pilipili akamwandikia faraghani.

"Nilikuwa karibu," akajibu Kifaru.

Ni Jamleck, dereva wetu, Nerima akajiambia. Kuanzia siku hiyo akawa anamwongezea Jamleck nyama. Jamleck alishangaa, lakini alikula.

Ogada, msimamizi wa kampeni ya Mheshimiwa, alikuja nyumbani akiwa amevimba kwa hasira. "Kuna msaliti hapa!" akafoka mezani. "Kikulacho ki nguoni mwako, Mheshimiwa!"

Nerima akapaliwa na chai. Masinde naye, maskini, akapaliwa papo hapo. Jamleck peke yake ndiye aliyeendelea kumung'unya mfupa wake kwa utulivu.

Wiki ya mwisho chama kikaleta helikopta. Watoto, wazee, hata watu wa kwaya, wote mbio kuitazama. Nerima alipoona vumbi lile na makofi yale, moyo ulimfia. Miaka mitano mingine ya ugali baridi! Akakimbilia bandani.

"Tumeisha," akamwandikia Kifaru.

"Helikopta haina kura. Pilipili, usilegee. Hii ikishindikana, mimi ndiye nitaumia kuliko wote."

Hakulegea. Siku ya kupiga kura, wanajeshi wenye pikipiki waliwabeba nyanya zao na nyanya za wenzao, na kundi zima likajaa picha za vidole vyenye wino. Nerima alipiga picha ya chake akiwa amekificha kwa majani ya sukuma wiki, asitambulike kwa pete.

Matokeo yalitangazwa redioni kesho yake mchana, Nerima na mumewe wakiwa wawili tu sebuleni. Chelangat alikuwa ameshinda, na si kwa kubahatisha.

Masinde akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yakamtikisika.

"Pole sana, Baba Makokha," Nerima alisema, sauti ikimponyoka. Alikimbilia bafuni, akafunga mlango, akaliuma taulo, na furaha yote ya miezi ile ikamtoka kwa kwikwi, machozi yakimchuruzika mpaka shingoni.

Simu ikatetemeka. Alikuwa Kifaru.

"Pilipili, tumeshinda! Sijawahi kuwa na raha hivi! Sasa niko na shida moja tu. Bibi yangu alikuwa anapenda sana hii mambo ya kuitwa mke wa Mheshimiwa. Amejifungia kwa bafu, namsikia akilia. Nitamwambia nini?"