Boksi la Vitenge

Mtaalamu wa kliniki alimweka Heriel, aliyetimiza mwaka, katikati ya mkeka. Mtoto hakusogea. Alibana viwiko mbavuni, kana kwamba boksi la vitenge anamoshinda dukani kwa mama yake, Kariakoo, bado limemzunguka.

“Anatambaa?”

“Hapana. Ni mtulivu, wateja wote wanamsifu,” mama yake alijibu.

“Mwache sakafuni, dada. Akifuata kitu, mtajie jina lake. Maneno huanzia hapo.”

Alasiri, mama alimshusha kwenye sakafu ya duka. Heriel akanyoosha mkono kuelekea kitenge chekundu, akainama mbele, akatoa sauti: “Da.”

Mchukuzi akaingia na robota kichwani. “Mama Heriel, toa mtoto, nitamkanyaga!”

Mama alimnyakua, akamrudisha kwenye boksi. Heriel akabana viwiko.

“Wangu angepiga kelele zisikike hadi kule bondeni Jangwani,” akasema mteja aliyekuwa akichagua vitenge. “Wewe umebarikiwa.”