Elimu ya Daktari Kyando

Siku hizi mwanateolojia wa dayosisi akifa, elimu na kumbukumbu zake hupandikizwa kichwani mwa Mkristo mmoja, naye hupatikana kwa kura, kama mitume walivyompata Mathiya. Mchungaji Anyosisye, mwanafunzi kipenzi wa marehemu Daktari Kyando, alijua fika kwamba kura haitamruka. Ikamwangukia mkewe, Tumpale.

Sasa Tumpale hupika huku akinong'ona Kigiriki, na akifika mahali patamu hugonga mwiko kwenye sufuria, vile vile marehemu alivyokuwa akigonga chaki mezani. Kila mlio ulimchoma Anyosisye kama mwiba. Mwalimu alikuwa wake.

Jioni moja uvumilivu ukamwisha.

"Mama Atu, huyo mzee humo ndani, ananikumbuka?"

"Anakukumbuka, Baba Atu. Ulikuwa unakaa kiti cha mbele."

Akajaribu kuishia hapo, ikashindikana. "Alinionaje?"

Tumpale aliacha kupakua. Alimtazama mumewe kwa huruma ambayo haikuwa yake, huruma ya mwalimu anayerudisha mtihani.

"Nawa mikono," alisema. "Ugali unapoa."