Matanga ya Rubani

Leokadia alikuwa amesimama juu ya kiti, anabandika picha ya marehemu ukutani kwa selotepu, huku akimwomba Mungu amkumbushe alimwona wapi kijana huyu.

Mungu alinyamaza. Picha nayo haikusaidia: kofia ya ngozi, miwani mikubwa ya rubani, uso umejaa grisi hadi kwenye meno, na kando yake kindege kifupi kinene kama pipa lililoota mabawa. Aliyeichapa alikuwa ameibania wino, ikatoka nyeusi na nyeupe.

Kinoti ndiye aliyeituma asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la Waafrika Mashariki wanaoishi ughaibuni, mtaa wa Etobicoke. Chini yake aliandika: "Leo ndiyo siku tuliyompoteza Wesley. Alikuwa anaongoza mashindano ya ndege Marekani. Mnara wa pili akaukatia kona chini chini, bawa likang'oka mbele ya maelfu ya watu. Pumzika, simba." Kisha akaingia zamu kwenye nyumba ya wazee anakofanya uuguzi, ambako simu hufungiwa kabatini.

Hakuna aliyemuuliza swali. Mfiwa haulizwi maswali, mfiwa hupikiwa. Kufika adhuhuri, kamati ya matanga ilikuwa imepata ukumbi wa chini wa jengo anamokaa Kinoti, chapati, na sufuria ya pilau iliyobebwa na wanaume wawili. Kwamba Wesley ni Mkalenjin, wa kabila la wanariadha, hilo halikuhitaji mjadala, jina lilitosha.

"Hao watu na mashindano," alisema mmoja akipanga viti. "Miguu ikichoka wanapanda ndege."

Leokadia ndiye mwenyekiti wa kamati, na uenyekiti ulikuwa unamponyoka. Katika msiba uliopita alisimama mbele ya watu akakiri kwamba hakuwahi kuonana na marehemu. Ukweli ule ulimponza. "Mwenyekiti gani hajui watu wake?" walinung'unika, wakiongozwa na Mogaka, ambaye amewahi kuwa rafiki mkubwa wa kila aliyekufa. Uchaguzi ulikuwa kesho. Na Leokadia alikipenda kiti kile, tusidanganyane. Ofisini kwake Don Mills, miaka yote hii, walikuwa bado hawajui kulitamka jina lake. Hapa alikuwa Mama Mwenyekiti.

Mchungaji alipomaliza sala, Mogaka hakungoja kuitwa.

"Mimi na Wesley tulikaa chumba kimoja kule mtaa wa Jane na Finch, tukiwa wanafunzi," alisema, mkono kifuani. "Hata wakati huo, huyo jamaa hakuwa anatembea kwa korido kama watu. Akifika kona, analala upande. Hivi." Akainamisha bega moja, mikono ameitanua. Akina mama wakafuta machozi.

Leokadia aliziona kura zikimkimbia. Akasimama.

"Pasaka alikula kwangu," alisema, na akashangaa mwenyewe jinsi sauti ilivyotetemeka vizuri. "Ndizi na nyama. Nikamwambia, mwanangu, hii kazi gani ya kuzungushana minara, mshindi mwenyewe anarudi palepale alipoanzia? Akacheka. Akasema, mama, wale watu wanakata tiketi kuona nani ataanguka. Mimi kila mwaka nawadhulumu."

Ukumbi mzima uliguna kwa uchungu. Hata Mogaka aliangalia viatu vyake.

Ndipo msichana mmoja akainuka kwenye viti vya nyuma. Alikuwa Jepchirchir, mwanafunzi ambaye kwa kawaida huja kwenye shughuli hizi, akala, akaosha vyombo, akaondoka bila kusema neno. Sasa alikuwa analia kwa kwikwi.

"Wesley ni mchumba wangu," alisema. "Aliniambia anaendesha lori huko Alberta. Tangu hiyo Pasaka hajashika simu yangu. Nilidhani ameniacha. Kumbe ni ndege, na hakutaka niogope."

Watu waligeuka kumtazama, kisha wakageuka kumtazama mwenyekiti, maana yeye ndiye aliyemlisha marehemu. Leokadia angeweza kunyamaza. Lakini kesho ilikuwa uchaguzi, na binti wa watu alitia huruma kweli. Akaenda hadi nyuma, akamkumbatia.

"Alinitajia habari zako, mwanangu," alisema, kwa sauti ya kufika mbele. "Jina lako lote. Alisema harusi ni Desemba."

Jepchirchir alilia upya, lakini kilio cha mtu aliyerudishiwa kitu chake. "Huyo ndiye mama," alisema Suhaila, ambaye hajawahi kumsifu mtu. Vichwa vikatikisika kukubali, safu baada ya safu. Leokadia alijisikia furaha. Akaona na aibu, lakini kidogo.

Mlango ukafunguliwa. Kinoti aliingia na sare ya kazi, jirani yake Kirimi amemshika mkono wasije wakamwokota sakafuni. Watu wote wakasimama. Pole, ndugu yetu. Pole sana.

Kinoti aliitazama sufuria, akamtazama mchungaji, akaitazama picha ukutani.

"Kwani mnamlilia Wesley?" aliuliza. "Wesley huyu wa Ohio? Jamani, huyo ni mzungu. Nilituma tu watoto wetu wapende historia. Alianguka siku kama ya leo mwaka wa 1932, hata nyanya yangu alikuwa hajazaliwa."

Hakuna aliyeketi. Jepchirchir alijitoa taratibu mikononi mwa mwenyekiti, akafuta pua, akamtazama usoni.

"Mama," akasema, "hiyo ya Desemba alikuambia lini?"