Kibao cha Tano

Vibao vya herufi vilimwagwa mezani, mbele ya fundi seremala ambaye kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya ulimi.

"Neno la Kiingereza la herufi tano, lenye C na R," mdogo wake alisema. "Kwa mchezo huu ulinicheka miaka yote, kaka. Akili ikiwa nzima, karakana inabaki yako."

"Usimharakishe, shemeji," mke wa fundi alisema.

Mkono wa kushoto wa fundi ulitambaa kama kobe. Ulivuta C, H na A. Ukaruka nafasi moja, ukaweka R. Kisha kidole, chenye gundi ya mbao iliyokauka kwenye ukucha, kikapekua vibao vyote, kikarudi kugonga pale palipo wazi.

"Nne," mdogo mtu alisema kwa upole. "Basi tena. Mzee amekwisha."

Mke alimvua mumewe kamba ya funguo shingoni. Fundi hakuzitazama. Alikodolea macho ngumi ya kulia ya mdogo wake chini ya meza, ambako pembe ya kibao ilichungulia kati ya vidole.

Mdogo mtu akanyoosha mkono wa kushoto.

"Funguo za mkubwa hupokelewa kwa wa kulia, shemeji."

"Umekufa ganzi," alijibu, akacheka. "Labda kiharusi ni cha ukoo."