Mwezi wa Karatasi

"Usichukue hiyo, Bibi!"

Peiyin alijikuta amepaza sauti mbele ya meza nzima ya watu waliokuja kubadilishana kadi walizotengeneza kwa mkono.

Ajuza mmoja alikuwa ameshaishika kadi ya Peiyin kwa mikono miwili, na kwenye meza ile ya mjini Tainan kadi ikishashikwa hivyo haidaiwi tena. Mkononi bado alikuwa na kikanda cha plastiki cha hospitali.

Kadi yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kiganja: kidimbwi cha karatasi ya buluu, mabua ya uzi, na juu yake mwezi wa rangi ya fedha. Karatasi ya kung'aa ilipomwishia, Peiyin alikata kipande kwenye bunda la kabatini, zile karatasi wanazochomewa wafu ziwafikie huko waliko. Alijiambia, nani atajua?

"Nitakupa nyingine. Chagua hata tatu."

"Mbona unaninyang'anya, mwanangu? Mimi nimeipenda hii."

"Ina mkosi, Bibi."

Ajuza akaupapasa mwezi kwa kidole gumba. Ukingoni, chini ya ule mng'ao, ilichungulia karatasi ya mianzi, ya njano na ya kukwaruza. Kidole kikasimama.

"Kumbe ni ya kuchoma."

"Nisamehe, Bibi. Sikujua itakwenda kwa nani."

"Marehemu mume wangu aliahidi kunisubiri njiani huko. Na alivyo mwoga wa giza!" Akacheka peke yake, kisha akaigeukia meza.

"Jamani, nani ana kiberiti?"