Bei ya Blanketi

Mama Shukuru alisimama mbele ya duka la Kibwana, akagusa blanketi jekundu lililoning'inia mlangoni.

"Hilo ni la kuzimia moto, mama," Kibwana alisema. "Karai la mafuta likiwaka, unalifunika tu. Moto unakosa hewa, unazimika papo hapo."

"Bei gani?"

Akamtajia. Haikufika hata bei ya gunia la mkaa.

Mama Shukuru aliliachia blanketi. Kwa kupatana bei hakuwa na mshindani pale sokoni, basi Kibwana akadhani ndiyo ameanza. Akampunguzia. Alipoona bado hatoi pesa, akapunguza tena.

"Usipunguze, mwanangu," Mama Shukuru alisema. "Nakuomba, ongeza. Niambie ni ghali. Niambie nisingeweza kulinunua."

Ndipo Kibwana alipoyaona majeraha mabichi ya moto mikononi mwake, akakumbuka msiba wa juzi kwa mama huyu muuza maandazi, na maiti ndogo iliyobebwa na mtu mmoja.

Mama Shukuru alilipa bei ile ya kwanza. Akaliweka blanketi mgongoni, akalifunga kwa kanga, akashika njia juani huku akilipigapiga taratibu kwa nyuma.