Mikono ya Piusi

Piusi alisali akiwa ameficha mikono ndani ya koti, na kabla waumini hawajaanza kupeana mikono ya amani, akatoka kanisani kwa mlango wa nyuma. Viganja vyake vilijaa vipele vya usaha na ngozi ilikuwa imepasuka. Hata jembe hakuweza tena kulishika.

Ulikuwa mwaka wa 1984, mwaka wa ukame, na mbegu zilikuwa adimu. Hyasinta, mjane jirani yao hapo Rhotia, alikuwa ameibiwa maharage yote ya mbegu. Wazee hawakujisumbua kupekua nyumba za watu. Mwizi anaweza kuzificha, walisema, lakini lazima azipande. Wakakwea kilimani, wakailaani mikono itakayozifukia: ioze.

Sasa mikono iliyooza ilikuwa ya Piusi peke yake. Aliogopa vibaya sana. Wakimjua, watamtenga yeye na nyumba yake yote. Hakuna atakayewapa hata kaa la moto, na mtoto wao Inosenti hatapata wa kucheza naye.

Mkewe, Evarista, ndiye aliyempeleka hospitali Karatu kwa siri. Daktari alivikagua viganja kwa makini.

"Si ukoma, na hauambukizi. Ni ugonjwa wa ngozi, tena wa nadra. Paka dawa hii, ufunge vitambaa safi."

"Na kama ni laana?" Piusi aliuliza.

"Hiyo sina dawa yake," daktari akacheka. Piusi hakucheka.

Evarista alimpaka dawa kila jioni. Vipele vilikauka, vikatoka vingine. Piusi akakosa usingizi na hamu ya kula.

"Mama Inosenti, bora niwaite wazee," alisema siku moja, mkewe akimfungua vitambaa. "Waje walione shamba. Mimi nimepanda mbegu ulizoleta kutoka kwa mama yako tu. Sina cha kuficha."

"Usiwaite." Kifuniko cha dawa kilimponyoka Evarista.

"Na wewe unadhani nimeiba."

"Najua hujaiba, baba Inosenti."

"Unajuaje?"

 Evarista aliinama huku machozi yakimtoka, akaendelea kuvipaka dawa viganja vilivyofukia mbegu alizozibeba yeye mwenyewe mgongoni, kama mtoto, kutoka ghalani kwa Hyasinta.